Je, Huruma Yaogopa Mizani?

Siku hizi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki neno moja lasikika mara kwa mara kila panapozungumzwa habari za hospitali, nalo ni ithibati. Maana yake si ngumu. Watu wasio wa hospitali ile hufika wakiwa na orodha ya viwango mikononi. Hutazama chumba cha upasuaji na chumba cha kuzalishia, stoo ya dawa, maji, majalada ya wagonjwa, na jinsi vyombo vinavyotakaswa; huwauliza wauguzi maswali; kisha huandika kama hospitali imefikia kiwango au bado. Ikiwa imefikia hupewa cheti, na baada ya muda uliowekwa wakaguzi hurudi tena, maana cheti hicho si cha milele.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wapenzi wakadhani kwamba hayo ni mambo ya ofisini, yasiyostahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi twaona sivyo. Ndani yake mna swali la dhamiri. Je, kazi ya huruma ipimwe? Mtu aliyejitoa kuwahudumia wagonjwa kwa mapendo, ni haki kumwekea mkaguzi juu yake, na kumhesabia wafu wake kama mwenye duka anavyohesabiwa magunia?

Wako watu wema wanaojibu kwamba si haki, na hoja zao tusizidharau. Wasema kwamba hospitali za Misheni zilianzishwa na watu ambao hawakungoja cheti cha mtu yeyote. Walianza na vyumba vichache na taa ya mafuta, wakakesha na wagonjwa ambao hakuna mwingine aliyewataka. Huruma, wasema, haiandikwi katika jedwali. Mkaguzi aweza kuhesabu vitanda, lakini hawezi kuhesabu mkono uliomshika mgonjwa usiku wa manane. Tena makaratasi yala fedha na saa ambazo zingetumika kwa mgonjwa mwenyewe. Katika hoja hizo mna ukweli, nasi tutazirudia hapo mbele.

Lakini kwanza tuutazame mfano ambao kila familia ya Kikristo yaujua, ule wa Msamaria mwema. Tumezoea kusifu moyo wake, na mara chache twaangalia alivyoifanya kazi yake. Aliyaosha majeraha kwa vitu vilivyojulikana zamani zile kuwa dawa, akayafunga; akampeleka majeruhi mahali penye nafasi ya kumtunza; akatoa fedha, akaacha maagizo. Mwisho akaahidi kurudi, na hapo ndipo penye fundisho letu la leo. Angeweza kushika njia yake akiwa ametimiza wajibu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini atakaporudi ataona kama yule mtu amepona au amekufa, na kama mwenye nyumba ya wageni alimtunza au alizila tu zile fedha. Huruma yake haikuishia katika nia. Ilitaka kujua matokeo.

Sababu ya kulitia mkazo jambo hili ni nzito. Mwaka 2018 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu liitwalo The Lancet Global Health ilitoa hesabu ya vifo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ilikadiria kwamba kila mwaka watu zaidi ya milioni 8 katika nchi hizo hufa kwa maradhi ambayo tiba yake yajulikana. Kati yao kiasi cha milioni 5 walikuwa wamekwisha kufika mahali pa tiba, lakini tiba waliyoipata ilikuwa hafifu. Waliobaki ndio ambao hawakuifikia tiba kabisa. Sisi tumezoea kudhani kwamba mgonjwa wetu hufa kwa kuwa hospitali iko mbali au nauli imekosekana. Hesabu hii yatuambia kwamba wengi zaidi hufa wakiwa wamekwisha kuuvuka mlango wa hospitali.

Wala hawauawi na ubaya wa moyo. Mama aweza kutokwa na damu baada ya kujifungua, na dawa ya kuizuia iwe imo kabatini, lakini ufunguo wa kabati uwe na mtu aliyekwenda nyumbani. Mtoto aweza kupewa kiasi cha dawa kisichomfaa, kwa sababu uzito wake haukuandikwa. Katika mambo ya namna hiyo hakuna aliyetenda kwa chuki. Yawezekana kila aliyekuwa zamu ile alikuwa mchovu na mwenye nia njema. Na mgonjwa amekufa vile vile.

Hapo mafundisho ya maadili tuliyoyapata seminarini yatusaidia. Tulifundishwa kwamba uko ujinga usio na hatia, wa mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua. Na uko ujinga mwingine, ambao mtu mwenyewe autaka, kwa kuwa anahisi kwamba akijua itamlazimu ageuze mwenendo wake. Ujinga huu wa pili haumwondolei mtu lawama. Waweza hata kuiongeza. Basi twauliza: hospitali isiyohesabu akina mama waliofariki mwaka jana, isiyoandika ni vidonda vingapi vya upasuaji vilivyooza, isiyokaa hata mara moja kwa mwezi kuuliza kwa nini huyu alikufa na yule akapona, hospitali hiyo isemapo kwamba haijui, je, kutojua kwake ni kwa namna ipi?

Swali hilo liliulizwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na daktari mpasuaji wa mji wa Boston, Marekani, jina lake Ernest Codman. Wazo lake lilikuwa jepesi mno, hata laonekana si kitu: kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa iliyemtibu kwa muda wa kutosha, ijue kama tiba ilifaa, na kama haikufaa, iulize kwa nini. Hospitali kubwa aliyoifanyia kazi haikukubali kuwapima wapasuaji wake kwa namna hiyo, naye akajiuzulu mwaka 1914. Alikuwa amekwisha kufungua hospitali yake ndogo mwaka 1911, na huko aliitumia kanuni yake juu yake mwenyewe kwanza. Hadi mwaka 1916 waliruhusiwa kutoka humo wagonjwa 337, na katika matibabu yao aliandika makosa 123, akayapiga chapa wayasome watu wote. Wenzake wengi walimwona kuwa mtu wa vurugu. Alifariki mwaka 1940, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hata mwaka 2014, ndipo wale waliofaidi mawazo yake walipomwekea.

Hata hivyo mbegu yake haikupotea. Chama cha Madaktari Wapasuaji wa Marekani kiliandika kiwango cha chini cha hospitali, kikaenea katika ukurasa mmoja tu. Kilidai kwamba madaktari wa hospitali wawe wenye sifa na wamepangwa vizuri. Wasigawane kwa siri malipo ya wagonjwa wanaopelekeana. Wakutane walau mara moja kwa mwezi kuichungua kazi yao. Kila mgonjwa awe na jalada kamili. Na pawepo maabara na eksirei. Mwaka 1918 wakaguzi wa chama hicho walizizungukia hospitali 692 za Marekani na Kanada zenye vitanda 100 au zaidi. Zilizofikia kiwango zilikuwa 89 tu. Kati ya zilizoshindwa yalikuwamo majina makubwa sana. Mwaka 1919, katika mkutano wao uliofanyika katika hoteli moja ya New York, viongozi wa chama walitangaza hesabu hiyo. Lakini orodha ya majina waliichukua usiku, wakaichoma katika tanuri la hoteli, isije ikaangukia mikononi mwa waandishi wa magazeti.

Tukio hilo lastahili kufikiriwa na Mkristo, maana waliochoma karatasi zile hawakuwa waovu. Walikuwa na hoja. Sifa njema ya mtu ni mali yake, na kuichafua bila sababu ni dhambi. Tena hospitali ikiaibishwa mbele ya watu wote yaweza kufungwa, na wagonjwa wa mahali pale wakakosa hata kile kidogo walichokuwa nacho. Ni afadhali, walifikiri, kuonya kwa faragha na kuipa nafasi ya kujirekebisha. Twakiri kwamba katika mwaka wa kwanza wa kazi mpya hoja hiyo ina nguvu.

Lakini kuna tofauti kati ya kumwaibisha mtu na kumnyima mgonjwa ukweli. Mgonjwa alazwaye kitandani ametoa mwili wake wote katika mikono ya wengine. Ana haki ya kujua kama mikono hiyo yatosha. Sifa ya hospitali ni mali ya hospitali maadamu ni ya kweli. Ikiwa ni ya uongo, basi imekopwa kwa roho za watu. Nasi tuliomo ndani ya Kanisa yatupasa kulisema hili kwa unyenyekevu mkubwa, kwa kuwa kishawishi cha kuficha ili tusikwaze watu twakijua, na madhara yake tumeyaona kwa uchungu katika nchi nyingi. Wazee walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

Yatupasa pia kutaja kwa shukrani kwamba katika kazi ile ya kwanza ya kupima hospitali padre alikuwamo. Mwaka 1915 Mjesuiti Charles Moulinier aliunda chama cha hospitali za Kikatoliki za Marekani, akawahimiza Masista wazipokee kanuni mpya wala wasizikimbie. Hakuona kwamba kupimwa kwaitia doa nadhiri yao. Aliona kwamba mgonjwa wa hospitali ya Kikatoliki hapaswi kupata tiba iliyo duni kuliko ya hospitali nyingine kwa sababu tu aliyempa amevaa kanzu ya kitawa. Mwaka 1951 kazi ya ukaguzi ilikabidhiwa tume ya pamoja ya vyama mbalimbali, na kutoka huko mtindo huu wa ithibati umeenea ulimwenguni.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Mgonjwa ataje jina lake na mahali atakapopasuliwa kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Watu wote chumbani wajitambulishe kwa majina na kazi zao. Vitambaa na vyombo vihesabiwe kabla mgonjwa hajatolewa. Na mengine kama hayo. Zilichaguliwa hospitali 8 katika miji 8: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na Ifakara. Naam, Ifakara yetu ya bonde la Kilombero, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Hesabu za hospitali zote 8 zilipojumlishwa ilionekana kwamba zamani katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa walikufa 15, na baada ya orodha kutumika walikufa 8. Waliopatwa na madhara makubwa walipungua kutoka 110 hadi 70 katika kila 1,000. Orodha ile haikuhitaji mashine mpya wala jengo jipya. Ilihitaji unyenyekevu wa daktari mkuu kukubali kuulizwa na muuguzi kijana.

Sasa tuzirudie hoja za wale wema, kwa maana upande wa pili nao una hatari zake. Orodha ile ile ilipotumika katika hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo wala wa madhara. Karatasi ilikuwa ile ile. Wapo wanaosema kwamba yaweza kutiwa alama zote na mtu ambaye hakuangalia kitu, nasi twaamini kwamba jambo hilo ni rahisi kutokea popote.

Mfano wa kutisha zaidi ni wa hospitali ya Stafford, Uingereza. Mwezi Februari mwaka 2008 shirika lililoiendesha lilipandishwa daraja na kupewa heshima ya kujitawala zaidi, baada ya hesabu zake kuonekana njema. Wakati huo huo ndani ya wodi wazee walikuwa wakiachwa katika uchafu wao, wengine bila maji ya kunywa. Uchunguzi mkubwa ulioongozwa na mwanasheria Robert Francis, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha jinsi wakubwa walivyokodolea macho fedha na malengo waliyowekewa, wakaacha kumtazama mgonjwa. Waliolia mpaka wakasikiwa ni jamaa za wagonjwa wenyewe.

Kuna na kishawishi cha tatu, kinachoihusu hasa hospitali ya Kikristo. Ikiwa hospitali itahesabiwa vifo vyake, njia rahisi ya kupunguza hesabu ni kumkataa aliye mahututi, kumpeleka kwingine afie njiani au kwa mwenzio. Basi kipimo kilichokusudiwa kumlinda mnyonge chageuka kuwa fimbo ya kumfukuzia. Kwa hiyo mkaguzi wa haki hana budi kuuliza pia ni wagonjwa wa namna gani wanaopokelewa, na ni wangapi waliorudishwa mlangoni. Hospitali inayompokea mama aliyeletwa kwa pikipiki akiwa nusu ya kufa isilinganishwe kijinga na ile inayowapokea wenye mafua.

Mtu aliyewafundisha wengi kupima ubora wa tiba alikuwa Avedis Donabedian, Mwarmenia aliyezaliwa Beirut mwaka 1919. Katika makala yake ya mwaka 1966 aligawa kipimo katika mafungu matatu: majengo, vifaa na watu, namna kazi inavyofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. Mpaka leo wakaguzi huufuata mgawanyo huo. Alifariki mwaka 2000, na siku zake za mwisho, akiwa mgonjwa mwenyewe, aliulizwa juu ya kazi ya maisha yake. Alijibu kwamba taratibu zahitajika lakini hazitoshi, na kwamba siri ya ubora mwishowe ni upendo: kumpenda mgonjwa, kuipenda kazi, kumpenda Mungu. Mtu aliyetumia miaka yote hiyo katika vipimo hakuona kwamba upendo na mizani ni maadui. Nasi hatuoni hivyo. Upendo bila mizani waweza kuua bila kujua. Mizani bila upendo hujua na kuacha.

Basi tufanye nini? Katika Tanzania serikali ilianza mwaka 2015, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kuvipima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa nyota, tangu bila nyota hata nyota 5. Katika duru ya kwanza karibu theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja. Ilikuwa habari chungu, lakini haikuchomwa katika tanuri. Na duru ya pili, ya mwaka 2017 na 2018, ilikuta vituo vingi vimepanda. Kuna pia viwango vya SafeCare, vilivyoanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya nchi zisizo na fedha nyingi, ambavyo Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii imevitumia katika hospitali za makanisa. Hivyo huipandisha hospitali ngazi kwa ngazi, badala ya kuiambia tu kwamba imeshinda au imeshindwa. Njia hiyo twaisifu, kwa kuwa maskini hasaidiwi kwa kuambiwa tu kwamba ni maskini.

Kwa wakuu wa hospitali zetu, mapadre, Masista na walei, twasema: msingoje mkaguzi. Anzeni na daftari moja la vifo na mkutano mmoja kila mwezi, ambamo mtu aweza kusema kosa lake pasipo kufukuzwa kazi, ila yule aliyekosa kwa kusudi au kwa uzembe wa kudumu. Anayeadhibiwa kwa kusema kweli atajifunza kunyamaza, na kimya chake atakilipa mgonjwa.

Kwa wenye mamlaka na kwa wafadhili twasema: msidai viwango mkanyima njia. Kudai kwamba zahanati iwe na maji safi, na kuiacha bila bomba wala kisima, ni kumtwisha mtu mzigo bila kuugusa hata kwa kidole.

Na kwenu, familia za Kikatoliki, mnaowapeleka watoto na wazee wenu katika hospitali ya Misheni kwa kuwa mwaiamini, twasema: imani hiyo ni tunu, nanyi mwaisaidia hospitali mnapouliza. Ulizeni dawa hii ni ya nini. Ulizeni nyota za kituo chenu ni ngapi. Muuguzi akinawa mikono mbele yenu, mshukuruni. Asiponawa, mkumbusheni kwa adabu, kama mwana amkumbushavyo mama yake. Na mkitendewa vema, rudini mkaseme, kwa sababu hospitali nayo yataka kujua aliyepona.

Msamaria aliahidi kurudi. Hatukuambiwa alimkuta yule mtu katika hali gani. Lakini twaambiwa kwamba alikuwa tayari kulipa chochote kitakachozidi. Hospitali zetu nazo ziwe tayari vivyo hivyo: kurudi kwa mgonjwa, kutazama hali yake bila kuficha, na kulipa gharama ya kile watakachokiona.